Jiwe la Nyoka Katika Mchezo Wetu wa Kusimulia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila anapojiunga mchezaji mpya kwenye meza zetu hapa Kigoma, hazipiti dakika kumi kabla Jiwe la Nyoka halijaulizwa. Majibu haya ni ya wachezaji, ambao kila mmoja huigiza mhusika wake, na ya wasimulizi pia, yaani wanaoiongoza hadithi mezani. Dunia tunayochezea ni ukanda wa Ziwa Tanganyika wa zama za misafara, karne ya 19, ila humo mizimu inajibu ikiitwa na baadhi ya hekaya ni za kweli. Jiwe hili ni mojawapo ya hekaya hizo.

## Mambo ya msingi

Jiwe la Nyoka ni nini?

Ni jiwe dogo jeusi, jepesi kuliko linavyoonekana. Likiwekwa juu ya jeraha la nyoka lililochanjwa kidogo, huganda lenyewe, hunyonya sumu, na likimaliza kazi au likishiba hudondoka. Kisha husafishwa kwa maziwa, likawa tayari kwa mgonjwa mwingine.

Hatukulitunga sisi. Imani hii ipo Afrika Mashariki, Afrika ya Kati, Bara Hindi na kwingineko, na hata leo wapo watu vijijini wanaolitunza jiwe lao kwenye kitambaa kama mali ya ukoo. Sisi tumelichukua kama linavyosimuliwa, tukaliwekea hesabu za dadu.

Nikiumwa na nyoka kweli, nitumie jiwe?

Hapana. Naomba msimulizi yeyote mwenye vijana mezani alisome jibu hili kwa sauti kabla ya kuanza.

Mawe yanayouzwa kwa jina hili mara nyingi ni vipande vya mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Mfupa wa namna hiyo una vitundu vidogo vingi vinavyofyonza damu na majimaji, ndiyo maana huganda kwenye jeraha, na ndiyo maana mtu akiona limeganda huamini linafanya kazi. Sumu lakini imeshapita, imo mwilini, na jiwe haliifuati huko. Wengi wanaoumwa na nyoka hawakuingiziwa sumu ya kutosha kuua. Hao hupona, na sifa hupewa jiwe.

Ukiumwa: tulia, usitembee ovyo, kitulize kiungo kilichoumwa, vua pete na bangili kabla hakijavimba, kisha upelekwe hospitali haraka. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Kinachoondoa sumu ni dawa maalumu ya kuzuia sumu ya nyoka inayotolewa na wahudumu wa afya, na kila saa inayopotea kwa jiwe ni saa iliyoibwa kwenye dawa hiyo.

Asili yake ni visasili vya wapi?

Vya sehemu nyingi. Katika hekaya za Bara Hindi, swila aliyezeeka hubeba kito kichwani. Usiku hukitua chini, akawinda kwa mwanga wake. Anayetaka kukichukua hukifunika kwanza, mwanga ukazimika, nyoka akapotea gizani. Ulaya walikuwa na jiwe la chura, lililovaliwa kwenye pete ili kumwonya mwenyewe kwamba sumu iko karibu. Siku hizi tunajua mengi ya mawe hayo yalikuwa meno ya samaki wa kale yaliyogeuka mawe. Uajemi ilisifika kwa bezoar, jiwe linalojijenga tumboni mwa mbuzi na wanyama wengine wanaocheua, na wafalme walilinunua kwa bei ya vito.

Karne ya 17, mawe ya nyoka kutoka India yalifika Florence mikononi mwa watawa. Francesco Redi, daktari wa ukoo wa Medici, akayajaribu kwa wanyama waliotiwa sumu. Hayakuwaokoa. Mwaka 1671 akachapisha matokeo kwa njia ya barua kwa Athanasius Kircher, kasisi Mjesuiti aliyeyaamini. Nawashauri wasimulizi waitumie hadithi hii: mwanazuoni mgeni anayetaka kulijaribu jiwe la kijiji mbele ya watu, na kijiji kinachokataa, ni kikao kizima cha mchezo.

## Kulitumia mezani

Linafanyaje kazi, hatua kwa hatua?

Kila mhusika anaanza na uhai 20. Nyoka akimuuma, anapata alama za sumu: kifutu 4, swila 6, koboko 10. Kila saa ya mchezo ikiisha, mhusika anapoteza uhai sawa na alama alizobaki nazo.

Anayetibu anachanja jeraha (mgonjwa anapoteza uhai 1), anaweka jiwe, kisha anarusha dadu ya pande 20. Akipata 8 au zaidi, jiwe limeganda. Akikosa, saa nzima imepita, sumu inakula kama kawaida, na akirudia lazima achanje tena. Jiwe likishaganda, kila saa rusha dadu ya pande 6 na uondoe alama kiasi hicho kabla sumu haijahesabiwa.

Mfano. Mvuvi mwenye uhai 20 kaumwa na swila, alama 6. Chanjo inamwacha na 19. Dadu ya kugandisha inatoka 11, vizuri. Saa ya kwanza dadu ya pande 6 inatoka 4, alama zinabaki 2, uhai unashuka hadi 17. Saa ya pili inatoka 3, sumu imekwisha, jiwe linaanguka. Limenyonya alama 6 kati ya 12 linazoweza kubeba.

Muda wote huo mgonjwa hatembei na hapigani, na lazima mtu mmoja akae naye. Kundi la watu wanne lenye mgonjwa mmoja ni kundi la watu wawili. Wachezaji wageni husahau hili mpaka fisi wafike.

Sumu zote zinahesabiwa sawa?

Alama zinahesabiwa sawa, madhara hayafanani. Tumefuata nyoka walivyo. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama, kwa hiyo kiungo kilichoumwa hakitumiki hadi kesho yake hata kama jiwe limeondoa alama zote. Sumu ya swila na koboko hulegeza misuli hadi pumzi inakata, kwa hiyo kila alama inapunguza 1 kwenye kila dadu ya pande 20 anayorusha mgonjwa.

Usimsahau swila wa majini. Ziwa Tanganyika linaye wake, anakula samaki na kujificha kwenye miamba ya ufukweni. Kwa kawaida si mkorofi kwa watu, na ningependa asigeuzwe jitu la kutisha. Mpe sababu ya kuuma: mkono ulioingia kwenye tundu lake, au wavu uliomnasa.

Linatibu jeraha la mkuki, homa au njaa?

Hapana, linanyonya sumu tu. Dawa za majeraha na homa zina sura yake kwenye kitabu chetu cha kanuni.

Linarudishwaje nguvu?

Hapa ndipo jiwe linapopata uzito wake, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jiwe likishanyonya alama 12 limeshiba, haligandi tena. Kulisafisha, lichemshe kwenye maji, lilaze usiku mmoja kwenye maziwa mabichi ya ng'ombe, kisha lianike juani kutwa nzima juu ya kitambaa chenye chumvi ya Uvinza. Maji, maziwa na jua vimo kwenye masimulizi ya watu. Chumvi tumeiongeza sisi, kwa sababu chemchemi za Uvinza zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja na biashara yake ilifika mbali. Haiwezekani dunia ya ukanda huu ikawa na uganga usiogusa chumvi hiyo.

Ugumu ni maziwa. Juu huko Buha, nchi ya Waha, kuelekea Kasulu, kuna nyasi na baridi, ng'ombe wa pembe ndefu wapo. Ukishuka kwenye miombo ya Malagarasi na njia ya kwenda Tabora kuna mbung'o, na mbung'o huwapa ng'ombe ugonjwa wa nagana, wakafa. Msafara unaweza kwenda siku nyingi bila kuona zizi. Kwa hiyo jiwe linaloshiba katikati ya njia linabaki kokoto mpaka mtakapofika penye malisho, na hao nyoka ndio kwanza wako kwao.

Hivi ndivyo ilivyokwenda kwenye meza moja. Wachezaji wamefika jioni kwenye nyumba ya pembezoni mwa mto, jiwe limeshiba, mpagazi wao amevimba mguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mbona mnahema?"

"Tunaomba maziwa, bibi. Hata kikombe kimoja."

"Maziwa? Huku ng'ombe hakai, mjukuu wangu, mbung'o wamewamaliza wote. Nina uji wa mtama na asali. Mgonjwa mlazeni hapa, ninyi mmoja wenu aende juu kwa Waha usiku huu huu."

Msimulizi hakuongeza kitu. Wachezaji walibishana nani aende, na kikao chote kilichofuata kilikuwa cha huyo mmoja na usiku wake.

Mawese yanafaa badala ya maziwa? Na maziwa ya mbuzi?

Mawese hayafai. Naelewa kwa nini watu wa hapa wanauliza, mawese yapo kila jiko. Ila mafuta yanaziba vile vitundu vya jiwe, na jiwe lililolazwa kwenye mawese halinyonyi kitu mpaka lichemshwe mara tatu. Maziwa ya mbuzi yanakubalika, lakini yanarudisha nusu tu: jiwe litabeba alama 6 badala ya 12 hadi lipate maziwa ya ng'ombe.

Kwa nini lisiponye papo hapo, kama dawa za michezo ya kwenye simu?

Kwa sababu uponyaji usio na gharama unaua hadithi. Kama jeraha linafutika kwa kugusa kitufe, nyoka anageuka usumbufu mdogo na hakuna anayetazama anapokanyaga. Jiwe la masimulizi lina gharama tayari: linataka chale, muda, mtu wa kukaa na mgonjwa, na maziwa. Sisi tumeziandika tu gharama hizo. Wasimulizi wanaotaka kuzifuta nawasihi wafute chanjo kwanza, kisha saa za kungoja, na maziwa wayaache. Ukiyaondoa maziwa, umeondoa ng'ombe, mbung'o, Buha na yule bibi.

Sina dadu ya pande 20. Nifanyeje?

Andika namba 1 hadi 20 kwenye vipande vya karatasi, vikunje, tia kwenye kopo, chomoa kimoja na ukirudishe. Dadu ya pande 6 chukua ya ludo.

## Kulipata

Mhusika anaweza kuanza mchezo akiwa nalo?

Mmoja tu katika kundi, na lazima aseme amelipataje na nani anaweza kuja kulidai. Mganga, mpagazi wa misafara na mtoto wa ukoo unaolitunza wana sababu nzuri. Mfanyabiashara anaweza kulinunua (tazama swali linalofuata).

Linauzwa bei gani?

Sokoni Ujiji karne ya 19 shanga zilitumika kama fedha, na za sofi ndizo zilizovuma: vipande vifupi kama vya shina la kiko, vikitungwa kwenye uzi. Katika mchezo, kuku ni uzi 1, mbuzi ni nyuzi 15, na jiwe zima ni nyuzi 200. Bei hizo ni zetu, za kusawazisha mchezo, msizinukuu kama historia.

Kukodi ni nafuu na kunaleta hadithi bora zaidi. Mwenye jiwe anatoza nyuzi 10 kwa mgonjwa, anakuja mwenyewe na jiwe lake, na haondoki bila hilo jiwe.

Tunaweza kulichukua kwa nyoka mwenyewe?

Ndiyo, na hii ndiyo njia ninayoipenda. Nyoka mwenye jiwe ni mzee na hupatikana sehemu moja tu ya ramani, anayoichagua msimulizi kabla ya mchezo. Usiku hutua jiwe lake, likatoa mwanga wa buluu hafifu, akawinda wadudu na vyura wanaoufuata. Wachezaji wakifunika mwanga kwa tope, nyoka hawaoni kwa saa moja. Wakimuua, jiwe linapoteza nusu ya uwezo wake daima. Wakilichukua akiwa hai, linabaki zima, ila nyoka atalitafuta, na hataacha.

Nitajuaje jiwe ni la kweli?

Kwa kulitazama hutajua. Sokoni, msimulizi anarusha dadu ya pande 6 kwa siri: 1 au 2, ni kipande cha mfupa kilichochomwa. Mganga akiligusa kwa ulimi na kupata 12 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, anatambua. Ujanja wa "linaganda kwenye ulimi, basi ni la kweli" hauna maana, kwa sababu mfupa nao unaganda.

Mnunuzi aliyetapeliwa anaweza kwenda kwa mzee wa soko, na hapo msimulizi akumbuke kesi ya Uingereza ya mwaka 1603, Chandler na Lopus. Mtu alilipa pauni 100 kwa jiwe aliloambiwa ni bezoar, likawa silo. Mahakama ikaona muuzaji kusema tu haitoshi, alipaswa kuwa ametoa dhamana. Kwa hiyo mchezaji anayesema "nilimwapisha mbele ya mashahidi" kabla ya kulipa anarudishiwa shanga zake. Asiyesema harudishiwi.

## Maswali magumu

Mawe mawili kwenye jeraha moja?

Moja tu linaganda. Mtu aliyeumwa mara mbili ana majeraha mawili, kila moja na alama zake, hapo mawe mawili yanaruhusiwa.

Linaondoa sumu iliyonywewa?

Hapana, hata likisagwa au kumezwa. Kwa sumu ya kunywa watu walitegemea bezoar, na tuna kisa chake. Ambroise Paré, daktari mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, alieleza jinsi Charles IX alivyojivunia jiwe la bezoar. Mpishi mmoja aliyehukumiwa kunyongwa kwa kuiba vyombo vya fedha alikubali kunywa sumu kisha apewe jiwe, akipona aachiwe. Alikufa baada ya saa chache kwa mateso makubwa. Katika mchezo bezoar ipo, ni adimu, na inaondoa alama 2 tu za sumu iliyonywewa.

Maji yaliyooshea jiwe yanaponya?

Kwa binadamu, hapana. Kwa mifugo tumeruhusu, kwa kufuata kito cha Uskoti kiitwacho Lee Penny, ambacho watu walikichovya majini na kuwanywesha ng'ombe wagonjwa. Ndoo moja inamwondolea mnyama alama 2, na inahesabika kama alama 4 kwenye uwezo wa jiwe.

Maziwa yaliyotumika kulisafishia ni sumu? Naweza kupaka mshale?

Ni sumu, ndiyo. Jiwe likitolewa asubuhi, maziwa hayo yamegeuka rangi, na sheria ni kuyamwaga kwenye shimo mbali na maji. Mchezaji akiyapaka mshale, anapata mshale mmoja wenye alama 3, unaodumu hadi jua lizame. Jiwe lake linashuka daima kutoka uwezo wa 12 hadi 8. Akiyatia kisimani au kwenye chakula cha mtu, jiwe linapasuka palepale na msimulizi aamue kijiji kitafanya nini. Tumelisisitiza hili kwa sababu kitu cha tiba kikigeuzwa silaha bila gharama, kikao kizima huhamia huko.

Wawili wameumwa, jiwe ni moja. Kanuni inasemaje?

Jiwe linaweza kuhamishwa kabla ya kumaliza. Wa kwanza anabaki na alama zilizosalia, wa pili anachanjwa, dadu ya kugandisha inarushwa upya. Kwa hesabu tupu, mara nyingi inafaa kuanza na mwenye alama chache, amalize haraka, kisha wa pili. Lakini mwenye alama 10 hatafika saa ya tatu.

Msimulizi asiingilie. Asimtoe mganga kichakani, asidondoshe jiwe la pili. Wape wachezaji dakika tano za saa ya ukutani, na wenye wahusika walioumwa waruhusiwe kusema. Nimeona watu wanaochekana kutwa wakinyamaza hapa, kisha mmoja akasema mhusika wake anampisha mwenzake. Wakati kama huo ndio unaonifanya niendelee kuandaa mchezo huu. Kama mezani kuna mtu aliyefiwa karibuni, zungumza naye kabla ya kikao na uiondoe hali hii ikibidi.

Mganga anapata faida gani?

Anaongeza 4 kwenye dadu ya kugandisha, na anaweza kutunza wagonjwa wawili kwa wakati mmoja.

Mtumbwi umepinduka na jiwe limezama. Tunaweza kulifuata?

Inategemea umbali. Ndani ya mita chache kutoka ufukweni, mpiga mbizi anarusha dadu ya pande 20 na kuhitaji 14, mara moja kwa kila pumzi, na msimulizi ana haki ya kuweka swila wa majini kwenye mwamba jirani. Mbali zaidi, limekwenda. Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, na sehemu kubwa ya maji yake ya chini haina oksijeni kabisa. Hakuna samaki wa kulimeza na kulirudisha juu, kwa hiyo usikubali ombi hilo, hata likirudiwa. Mwenye jiwe alifute kwenye karatasi ya mhusika wake, na kama lilikuwa la kukodi, msimulizi aandike jina la mwenye nalo kwenye orodha ya wanaodai.